Breki ya mbele ya pikipiki inazama baada ya kubadilisha mpira wa mafuta

Pole ndugu. Mkono wa breki ukizama mpaka kwenye mpini mara tu baada ya kubadilisha mpira wa mafuta ya breki, ni upepo umeingia. Usiendeshe hivyo hata hadi dukani.

Geuza usukani hadi kopo la mafuta ya breki likae sawa, lifute vumbi, ndipo ufungue. Angalia mfuniko: ukiandikwa DOT 4 (aina ya mafuta ya breki), nunua DOT 4 iliyofungwa, maana iliyokaa wazi hunyonya unyevu. Funika tangi la petroli kwa kitambaa chenye maji, mafuta haya yanakula rangi.

Chomeka mpira mwangavu kwenye nati ya kutolea upepo kule kwenye kalipa (kile kifaa cha gurudumuni kinachobana diski), ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Bana mkono taratibu mara tatu, nne, ushikilie. Fungua nati robo mzunguko tu; utaona mapovu yanakimbia ndani ya mpira. Sasa sikiliza vizuri: funga nati KWANZA, ndipo uachie mkono. Ukiachia mapema, umevuta upepo upya. Rudia, ukijaza kopo kila baada ya mara tatu. Likikauka unaanza moja.

Mapovu yakiisha na mkono bado laini, ufunge kwa kamba ukiwa umebanwa, uuache hivyo hadi asubuhi. Vipovu vidogo hupanda vyenyewe koponi.

Jaribu kwanza ukiisukuma kwa miguu, tafadhali.