Wi-Fi imejaa, intaneti inasuasua: ruta ndogo ya laini kwa nyumba nzima

SWALI: Mbukwenyi, fundi. Naishi Nzuguni, nyumba ya vyumba vinne, tofali za saruji na bati juu. Nimenunua ile ruta ndogo ya mkononi ya kuweka laini, nataka nyumba nzima itumie: simu tatu, kompyuta ya mtoto anayesoma chuo, runinga na printa. Nimeiweka sebuleni juu ya kabati la runinga. Simu zinaonyesha Wi-Fi imejaa mistari yote, ila video zinakwama kila mara, na printa haionekani kabisa. Nimeuziwa kifaa kibovu, au ruta hizi si za nyumbani?

JIBU: Mbukwa, dada. Usiirudishe dukani kwanza.

Ile mistari kwenye simu inakueleza kwamba simu na ruta zinasikilizana. Kuhusu ruta na mnara haisemi lolote. Ruta yako ina kazi mbili: kuchota intaneti mnarani kwa kutumia laini, kama simu yoyote, kisha kuigawa humo ndani kwa Wi-Fi. Kwako kugawa kunakwenda vizuri. Shida iko kwenye kuchota. Koki zote za nyumba zinafunguka, lakini maji yanaingia kwa matone.

Sasa pima. Unganisha simu na ruta, fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta (mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1), kisha ingia kwa nywila iliyoandikwa hapohapo. Tafuta sehemu ya taarifa za kifaa, penye herufi RSRP. Hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi ya 4G yanayoifikia ruta, nayo huandikwa na alama ya kutoa, hivyo namba ikiwa kubwa hali ni mbaya zaidi: -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -115 ni taabu. Kama ruta yako haina ukurasa huo, tumia mistari ya mtandao iliyo kwenye ruta yenyewe, si ya kwenye simu.

Zunguka nayo dirisha kwa dirisha, kila mahali subiri kama dakika moja ndipo usome. Hapa Dodoma tuna vilima vya mawe, na mnara ulio nyuma ya kilima unaweza usikufae hata ukiwa wa karibu. Angalia na vioo pia. Vile vya rangi vinavyoakisi kama kioo cha kujitazamia, ambavyo nyumba mpya nyingi zinavipenda, vina utando wa madini unaozuia mawimbi. Fungua dirisha upime tena uone tofauti. Na tafadhali usiipandishe darini. Najua wengi wanaamini juu ndiko kuna mtandao, lakini bati ni chuma, linayarudisha mawimbi, na joto la chini ya bati saa nane mchana mwezi wa Oktoba litaimaliza betri.

Ukipata namba nzuri chumba cha mwisho, iache hukohuko, hata kama sebule ndiyo yenye watu. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta za tofali vizuri kuliko ya 5, ingawa ina kasi ndogo. Isipofika, ongeza ruta ya kawaida inayopokea Wi-Fi ya hii ndogo na kuirusha mbele. Kasi itapungua kiasi, lakini kuanza na mawimbi yenye nguvu bado kuna faida.

Namba ikiwa nzuri, na saa mbili usiku bado inakwama wakati alfajiri inakimbia, basi mnara umezidiwa na watumiaji. Hapo jaribu laini ya mtandao mwingine, ila uliza kwanza kama ruta haikufungiwa laini moja.

Betri nayo inataka uangalizi. Ruta inayokaa kwenye chaji usiku na mchana hupata joto, na betri ya lithiamu huvimba. Ukiona mfuniko umeinuka, zima, toa betri kama inatoka, usiitoboe wala kuibonyeza, tafuta nyingine. Kwa nyumba yako yenye vifaa sita vya kila siku, mimi ningeweka akiba ya kununua ruta ya mezani ya laini isiyotegemea betri, hii ndogo ikabaki ya safari na ya siku umeme ukikatika. Inakula volti 5 tu, hivyo pawabenki inaitosha.

Printa haina uhusiano na bando. Kompyuta na printa zikiwa kwenye Wi-Fi moja, zinaongea zenyewe kupitia ruta, na mtoto atachapa kazi yake hata kifurushi kikiwa kimeisha. Printa nyingi za nyumbani husoma gigahezi 2.4 pekee, kwa hiyo kama ruta imewekwa kwenye 5, haitaiona. Ikiwa imeungana na bado kompyuta haiipati, rudi kwenye ukurasa ule wa ruta, kwenye mipangilio ya Wi-Fi, utafute kipengele cha kutenganisha vifaa. Ruta hizi za mkononi wakati mwingine huja kikiwa kimewashwa ili wageni wasionane. Kizime, hifadhi, kisha zima printa na uiwashe upya.