Muulize Fundi: "Sina Ruhusa" kwenye Kompyuta Yangu Mwenyewe

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kompyuta ya mezani ya Windows 10 niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Kila nikizima umeme ukutani, nikija kuiwasha nakuta tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, na karibu kila tovuti inaniambia muunganisho si salama. Nikitaka kurekebisha tarehe, naambiwa sina ruhusa ya kufanya kazi hiyo, nimwone msimamizi wa kompyuta. Msimamizi gani tena, na mashine ni yangu? Siulizwi nywila wala chochote, nakataliwa tu. Kinachonishangaza, saa za eneo zinakubali kubadilika. Rafiki yangu anasema nizime maswali yote ya usalama. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize. Nahisi kuna mtu alishamsikiliza kabla yako, na ndiyo maana umekwama.

Hilo la saa za eneo ndilo lililonifungua macho. Tangu Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, kubadilisha saa za eneo ni haki ya mtumiaji yeyote, kwa kuwa msafiri anayesogeza mishale kufuata alipo hajamdhuru mtu. Kubadilisha saa yenyewe ni haki ya msimamizi. Saa ikichezewa, kumbukumbu za mashine zinaanza kusema uongo, na vyeti vya tovuti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe, ambavyo kila kimoja kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, vinaonekana kama havijaanza kutumika. Hiyo "si salama" unayoiona inatoka hapo. Tovuti hazina kosa. Fungua lile dirisha la zamani la tarehe na saa: kitufe cha tarehe kina alama ya ngao, cha saa za eneo hakina.

Basi akaunti yako ni ya kawaida. Hakikisha kwenye Mipangilio, sehemu ya Akaunti, kwenye taarifa zako. Kama chini ya jina lako hapakuandikwa kwamba wewe ni msimamizi, wewe si msimamizi, hata kama risiti ya kompyuta iko mfukoni mwako.

Sasa, mwenye akaunti ya kawaida akibonyeza penye ngao, kwa kawaida Windows humletea kidirisha cha kuomba nywila ya msimamizi. Wewe hukiletewi. Kwenye mipangilio ya udhibiti wa akaunti (User Account Control) kuna kipimo cha kusukuma juu na chini, chenye ngazi nne. Wengi hukishusha hadi chini kabisa kwa sababu maswali yanawachosha. Kwa msimamizi ni raha: haulizwi tena, na programu yoyote anayoifungua ikitaka madaraka makubwa inayapata kimyakimya, virusi vikiwemo. Kwa mtumiaji wa kawaida matokeo ni kinyume. Naye haulizwi, lakini jibu limeshatolewa: hapana. Kwa hiyo dawa aliyokupa rafiki yako inafanana sana na ugonjwa wenyewe. Simlaumu, zamani nami nilikuwa nikikishusha kwenye kila mashine niliyoletewa, nikijiona fundi kweli.

Tuje kwenye saa. Inarudi nyuma kwa sababu betri ndogo ya mazabodi, ule ubao mkuu ndani ya kompyuta, imekufa. Ni ile ya duara kama sarafu, kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3, na kazi yake ni kuitembeza saa wakati umeme umekatwa. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, badilisha betri. Ukiwasha, bonyeza F2 au Delete mara kadhaa kabla Windows haijaanza (kitufe hutofautiana, skrini mara nyingi hukitaja), uingie kwenye mipangilio ya mazabodi. Weka tarehe humo. Pale hakuna akaunti ya Windows inayoulizwa, na Windows ikiwaka itaisoma saa hiyo. Usingoje intaneti ikusahihishie: kwa mipangilio ya awali kwenye kompyuta isiyo ya mtandao wa ofisi, huduma ya kusawazisha saa hukataa kuziba pengo linalozidi saa 15, na wewe pengo lako ni la miaka.

Saa itakuwa imepona, ila akaunti bado. Aliyekuuzia anaweza kuingia kwa nywila yake, akaipandisha akaunti yako kuwa ya msimamizi, akarudisha kile kipimo ngazi ya pili kutoka juu kama kilivyotoka kiwandani, kisha wewe ukaifuta akaunti yake. Mimi nisingefanya hivyo. Ningehamishia mafaili yangu kwenye diski ya nje na kusakinisha Windows upya, kwa kuwa sijui mwenye mashine wa kwanza aliacha nini ndani. Ukishamaliza, fungua akaunti mbili: ya msimamizi yenye nywila unayoikumbuka, na ya kawaida ya kazi za kila siku. Kidirisha cha nywila kikikujia, kisome kinataja programu gani. Hukuifungua wewe? Kataa.

SWALI: Nimesakinisha Debian, moja ya mifumo ya Linux, mwenyewe. Nikitumia sudo, amri ya kuazima madaraka ya msimamizi, naambiwa simo kwenye orodha, na kwamba tukio limeripotiwa kwa msimamizi. Nimeripotiwa kwa nani?

JIBU: Kwako mwenyewe. Ripoti inakwenda kwa root, yaani akaunti kuu ya msimamizi, wa mashine hiyohiyo, na hakuna polisi anayekuja.

Wakati wa kusakinisha uliombwa nywila ya root, ukaiandika. Ungeiacha wazi, Debian ingekuingiza yenyewe kwenye kundi la sudo. Kwa kuwa root wako ana nywila, hukuingizwa. Fungua dirisha la amri, andika "su -", amri ya kukugeuza kuwa root, na kile kistari usikiache: tangu Debian 10 ya mwaka 2019, su bila kistari haibadilishi njia za kutafutia amri, na utaambiwa amri inayofuata haipo. Weka nywila ya root, kisha andika "usermod -aG sudo" na jina lako la mtumiaji. Herufi a ni ndogo lakini ina uzito. Niliisahau siku moja usiku, nikajikuta nimo kwenye sudo na nimetolewa kwenye makundi mengine yote, likiwemo la kusimamia printa. Asubuhi printa ndiyo iliyonipa habari.

Ukimaliza, toka kwenye akaunti uingie tena, maana makundi husomwa wakati wa kuingia. Kufunga dirisha la amri na kulifungua upya hakutoshi.