Maswali na majibu: kukaa na pumzi kwa njia ya Ubudha wa kale

Nimeambiwa nikae nifute mawazo yote. Nikikaa, ndiyo kwanza yanafurika. Nakosea wapi?

Huko kufuta ndiko kunakokusumbua. Katika mafundisho ya kale ya Ubudha, yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, mwanafunzi wa pumzi haambiwi afute kitu. Anapewa kazi ya kufanya. Kazi yenyewe ina hatua 16, na anayeanza zinamtosha nne za kwanza. Kunja miguu, nyoosha mgongo. Ukivuta pumzi ndefu, jua kuwa ni ndefu. Ikiwa fupi, jua kuwa ni fupi. Mfano uliotolewa ni wa fundi wa kukereza mbao: akizungusha kwa mvuto mrefu anajua ni mrefu, akizungusha kwa mfupi anajua ni mfupi. Hakuna mahali anapoamriwa arefushe. Wengi huivuta pumzi kwa nguvu ili iwe "nzuri", na punde si punde kifua kimekaza na kichwa kinazunguka. Iache ijiendee.

Hatua ya tatu ni kuhisi mwili mzima huku unapumua. (Wako walimu wanaosema mwili huo ni pumzi yenyewe, toka inapoanza hadi inapoishia; kwa anayeanza, mzozo huo unaweza kusubiri.) Ya nne ni kuutuliza mwili, nayo hairukiwi: mwili ambao hujauhisi, utautulizaje? Wazo likiingia kati, likishajulikana kuwa limeingia, rudi kwenye pumzi bila kujigombeza.

Nihesabu pumzi au nisihesabu?

Hesabu, ila ujue kwamba hesabu haimo katika mafundisho ya awali. Ni mbinu ya wafafanuzi. Mmoja wao, Buddhaghosa, aliyeandika kitabu cha mwongozo kiitwacho Visuddhimagga huko Sri Lanka katika karne ya 5, ameweka mipaka: usiishie chini ya 5, usizidi 10. Chini ya 5 akili inafurukuta kama ng'ombe waliobanana zizini; zaidi ya 10 inaishika namba na kuiacha pumzi.

Mwanzoni hesabu polepole, kama mpima nafaka. Anajaza kipimo, anasema "moja", anakimwaga, na hata akiokota takataka bado anasema "moja, moja". Aliyewahi kumwangalia mtu akipima mchele kwa pishi ataelewa mara moja. Pumzi ikishaonekana wazi, hesabu upesi kama mchungaji aliyekaa langoni na kokoto zake: anahesabu ng'ombe anapofika langoni, hamfuati ndani ya zizi wala malishoni. Lango lako ni tundu za pua. Akili ikikaa bila hesabu, hesabu imekwisha kazi.

Jioni nikitoka kazini, nikikaa tu nasinzia.

Moggallana, mmoja wa wanafunzi wawili wakuu wa Budha, alikutwa anasinzia vivyo hivyo katika kijiji kimoja cha Magadha, ufalme wa kale huko India. Budha alimpa dawa kwa ngazi. Kwanza, lile jambo ulilokuwa ukilizingatia usingizi ulipoingia, liache. Ikishindikana, pitia moyoni somo unalolijua. Kisha lisome kwa sauti kutoka kichwani. Bado? Vuta ndewe za masikio yote mawili, sugua mikono na miguu. Halafu simama, nawa macho kwa maji, tazama huku na huku, tazama nyota. Kisha jaza akili taswira ya mwanga, usiku uwe kama mchana. Kisha tembea, kwenda na kurudi. Yote yakishindwa, lala kwa ubavu wa kulia, mguu juu ya mguu, ukiwa umenuia kuamka, na ukizinduka uinuke hapo hapo.

Kulala kumo, basi, lakini mwisho na kwa masharti. Kosa ni kung'ang'ania kukaa umefumba macho, tena tumbo likiwa limejaa. Kutembea kumesifiwa kwa faida tano, mojawapo ikiwa kusaga chakula, na nyingine ni kwamba utulivu unaopatikana humo hudumu. Chagua njia ya hatua 20 hivi, ufike mwisho, usimame, ugeuke. Na kama usiku uliopita ulilala kwa saa tatu tu, yaache masikio yako; nenda kalale.

Kuna mtu alinikosea. Nikifumba macho tu, yeye huyo. Pumzi haisaidii.

Kwa mawazo ya namna hii kuna mbinu tano, nazo zinafuatana. Ya kwanza ni kuleta wazo jema mahali pa baya, kama seremala anavyotoa kigingi kinene kwa kugongea chembamba. Kwa hasira, jema hilo ni kutakia watu heri. Anza na mtu unayemheshimu, maana ukianza na mkosaji utachochea moto. Pili, tazama hasara ya wazo lenyewe, kama kijana aliyejipamba akakuta amevishwa mzoga wa nyoka shingoni. Tatu, usilijali. Nne, legeza kinachoizaa hasira hatua kwa hatua, kama anayekwenda mbio: ajiulize mbio za nini, atembee, asimame, akae, alale. Tano ndiyo kuuma meno, ulimi kwenye kaakaa, na kuikandamiza akili kwa akili. Wengi huanzia hapa, wakatoka na kichwa kinauma na hasira iko pale pale.

Kadiri ninavyojitahidi ndivyo akili inavyochafuka.

Basi acha kupuliza. Sonara mara hupuliza, mara hunyunyiza maji, mara hutazama tu. Akipuliza tu, dhahabu inaungua. Akinyunyiza tu, inapoa. Akitazama tu, haiivi. Wewe unahitaji maji: acha hesabu, hisi mwili mzima, pumzi ijiendee. Siku ukiwa umelegea, fanya kinyume: fumbua macho, simama, hesabu upesi, kwani kumtuliza aliyelegea ni kutupia majani mabichi kwenye moto mdogo. Uzingatifu, yaani kujua kinachoendelea sasa hivi, peke yake ndio unaofaa siku zote. Buddhaghosa ameufananisha na chumvi, inayotakiwa katika kila mchuzi.

Dakika ngapi kwa siku?

Maandiko hayataji dakika. Mtawa alitembea na kuketi mchana kutwa, akaendelea zamu ya kwanza ya usiku, akalala ya kati, akaamka ya mwisho. Mwenye ajira na watoto achague muda atakaoweza kuurudia kesho. Ukipata 20, tano za mwanzo tembea.