Mtoto aliyeshuhudia mama yake akipigwa: je, atapona?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mume wangu ni mlevi, na alikuwa akinipiga mbele ya mtoto wetu wa miaka 8, mpaka nikarudi kwa wazazi wangu Tanga. Sasa mtoto anakojoa kitandani na hushtuka mlango ukibishwa, na mawifi wanasema atakuwa kama baba yake. Je, nimekosa kuondoka? Naye atapona?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, hukukosa. Subira tuliyoamrishwa si kumwacha mtoto alale kila usiku ametega sikio, akisubiri hatua za baba yake uani, ilhali Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Maneno ya mawifi yaache, kwani Qur'ani imesema wazi kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (6:164). Mtume mwenyewe alizaliwa baba yake amekwisha kufariki, akafiwa na mama akiwa na miaka 6 na babu akiwa na miaka 8, na Surat Adh-Dhuhaa ilipomkumbusha neema alizopewa, kabla ya uongofu na kabla ya mali ilitaja makazi: "Je, hakukukuta yatima akakupa makazi?" Makazi hayo yalikuwa watu, kwanza babu, kisha ami yake Abu Talib, waliompokea mmoja baada ya mwingine.

Mwanao naye anahitaji mtu mzima ambaye leo na kesho ni yule yule: babu anayemshika mkono kwenda msikitini Magharibi, chakula kwa wakati wake, sauti isiyopanda ghafla. Akikojoa, badilisha shuka kimya kimya, wala godoro lisianikwe kwa maneno ya kumwaibisha. Kalamu imeinuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi, mpaka abaleghe, seuze kwa jambo alilolifanya usingizini! Msikilize hata huzuni zake ndogo, kwani Mtume alimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake kilichokufa.

Kumsomea ruqya, yaani aya za Qur'ani na dua za kuombea afya, ni jambo jema, lakini mpeleke hospitali pia, maana tumeamrishwa kujitibu. Baba akitisha kumchukua kwa nguvu, piga simu ya mtoto, 116, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Haki yake ya kumwona mwanawe haifutiki, ila amwone akiwa hajalewa, na mbele ya mtu mwaminifu.

Mwambie na mwalimu wa madrasa yaliyomfika mtoto huyu, ili asimwinulie bakora.

Wallahu a'lam.