Acha Kuniuliza Nimefika Ukurasa wa Ngapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Kaka, huu ni mwezi wa tatu mfululizo sijamaliza kitabu cha mwezi. Wenzangu kwenye kikundi wote wamemaliza. Nijitoe tu nisiwaharibie?"

Nilidhani ningemjibu kwa sentensi mbili. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kilichonishinda ni lile neno "nisiwaharibie". Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, maana mimi mwenyewe niliwahi kumfanya mtu ajione hivyo. Basi jibu lake limekuwa refu, na kwa kuwa najua wengi wenu mmejiwekea lengo la kusoma kila mwezi (msingekuwa hapa), namjibu mbele ya wote.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma, tarehe 1 Januari, nilijiapiza kusoma vitabu 52 kabla mwaka haujaisha. Kimoja kila wiki. Nilijiandikisha kwenye changamoto ya mwaka ya Goodreads, ule mtandao wa wasomaji wa vitabu, ambayo wengi mnaijua: unaandika idadi unayoitaka, kila ukimaliza kitabu mstari unasogea, na ukizembea unaambiwa uko nyuma kwa vitabu viwili, vitatu, vinne. Nilikuwa nautazama ule mstari mara nyingi kuliko nilivyokuwa nafungua vitabu vyenyewe.

Kufikia Machi nilikuwa nachagua vitabu kwa unene. Nasimama mbele ya rafu, napima kwa kidole gumba na cha shahada, chembamba ndicho changu. Ndivyo nilivyoichukua Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Ni kijitabu kweli, unakishika mkononi hukisikii uzito. Nikajisemea, hiki ni cha jioni moja. Walioisoma wanacheka sasa hivi, maana wanajua ilivyo ngumu. Macho yangu yalipita juu ya maneno kama mtu anayevuka barabara yenye magari, nia yake moja tu, kufika ng'ambo. Nilifika. Nikaweka tiki. Mstari ukasogea.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa na rafiki yangu mmoja, mtu mzima kuniliko, msomaji wa siku nyingi ambaye hajawahi kuhesabu kitabu maishani mwake. Nikamtajia kwa majivuno kwamba nimefika kitabu cha 17. Akafurahi. Akauliza, "Na Nagona umeionaje? Yule msimulizi, wewe unadhani anatafuta nini hasa?"

Nikamjibu kwa maneno niliyoyakumbuka kutoka nyuma ya jalada, tena niliyakumbuka vibaya. Alinitazama, akasema "Ahaa", akaanza kuzungumzia mambo mengine. Hakunicheka wala hakunisuta. Ile "ahaa" naisikia mpaka leo.

Usiku ule nilichukua orodha yangu nikajaribu kusema, kwa kila kitabu, jambo moja tu lililomo ndani. Nilikwama kwenye vitabu 11 kati ya 17. Kuna Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikuwa anakariri silabi zisizo na maana, kisha anapima anazisahau kwa kasi gani. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza tu. Silabi zisizo na maana! Mimi nilikuwa nimezishusha riwaya za watu, kazi za miaka, hadi daraja hilo.

Mtu mwenye akili angejifunza hapo hapo. Mimi nikaanzisha kikundi.

Tulikuwa saba. Kitabu kimoja kwa mwezi, mazungumzo siku ya mwisho wa mwezi. Wazo lilikuwa zuri na bado naamini ni zuri. Lakini yule mtu wa tiki alikuwa bado ndani yangu, safari hii kapata na madaraka. Nilitengeneza jedwali. Majina upande mmoja, kurasa upande wa pili, rangi ya kijani kwa waliomaliza, njano kwa waliokaribia, nyekundu kwa waliochelewa. Kila Jumapili jioni nililituma kwenye kikundi na swali langu moja: "Haya wapendwa, umefika ukurasa wa ngapi?" Nilidhani nawatia moyo. Na kusema kweli, niliona raha jina langu likikaa juu.

Miongoni mwetu alikuwemo dada mmoja mzito wa kusoma. Kila wiki yeye nyekundu. Alikuwa akisoma ukurasa, anaurudia, anasimama siku mbili, anarudi. Mwezi wa nne wa kikundi, tukiwa na riwaya nene kidogo, niliandika kwenye kikundi: "Na konokono wetu amefika wapi?" Emoji za kucheka zikamiminika. Yeye pia alituma moja. Nikaona mambo sawa, utani wa kawaida wa watu wanaozoeana.

Usiku ule alijitoa. Hakuaga. Asubuhi kulikuwa na ule mstari mdogo tu unaosema fulani amejitoa kwenye kikundi.

Nilipoingia kumwandikia faragha ndipo nikakuta ujumbe wa sauti alionitumia siku tano kabla, ambao sikuufungua kwa sababu ulikuwa wa dakika saba. Dakika saba, nani ana muda, si aandike. Niliusikiliza nikiwa nimesimama. Alikuwa anazungumzia aya moja. Moja! Ni pale mama anapokunja nguo za mwanawe aliyefariki, na kabla ya kuiweka shati kwenye sanduku anafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, hadi cha shingoni. Dada yule alikuwa anauliza kwa nini avifunge wakati hakuna wa kuivaa. Akawa anajijibu, anajipinga, ananyamaza, anaanza tena. Mimi nilikuwa nimekimaliza kile kitabu siku ya tisa ya mwezi, wa kwanza katika kikundi, kijani kibichi. Nilikuwa sikumbuki kwamba mle ndani kuna shati.

Nilimwandikia: "Samahani kama ulikwazika." Ukitaka kumwomba mtu radhi usitumie hiyo "kama". Ni kumkosea mtu halafu unamrudishia kosa mkononi alibebe mwenyewe. Alinijibu, "Hamna neno", na hamna neno lingine lililofuata. Kikundi chenyewe kilikufa baada ya miezi miwili. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri.

Mwaka uliofuata hauna hadithi, nauruka. Nilisoma kidogo, nilinuna sana.

Kilichonirudisha ni yule rafiki wa "ahaa". Alinipigia akasema, kuna kitabu nimekwama ukurasa wa 30, njoo tukwame wote. Hayo ndiyo maneno yake, tukwame wote. Tulikaa na kitabu kile wiki tano. Baadaye tukaongezeka tukawa wanne, na hatujapita hapo. Changamoto ya kila mwezi ipo, lakini jedwali halipo, na swali la ukurasa wa ngapi ni marufuku. Ukikutana na mwenzako unamwuliza, "Umekwama wapi?" au "Nani amekuudhi humo?" Jaribu maswali hayo mawili uone. Ukimwuliza mtu namba atakujibu kwa namba, na penye aibu atakujibu kwa uongo. Ukimwuliza nani kamuudhi, hata aliyesoma kurasa 20 tu ana la kusema, na atalisema kwa hasira, na hapo mazungumzo yameanza.

Kuacha kitabu kunaruhusiwa. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani, ana kanuni inayojulikana: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache; lakini ukishapita umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Kwa hiyo mwenye miaka 70 anavumilia kurasa 30 tu, na mwenye miaka 100 ana haki ya kukihukumu kitabu kwa jalada lake. Sisi tumeongeza sharti letu: ukiacha, lazima uje useme umeachia wapi na kwa nini. Mazungumzo yetu matamu kuliko yote yalihusu riwaya ambayo watatu kati yetu tuliiacha, kila mmoja mahali tofauti. Yule mmoja aliyemaliza ndiye aliyekuwa na kazi usiku ule, maana alikuwa anamtetea mwandishi peke yake dhidi ya watu watatu wasiojua mwisho.

Na kitabu kinene hakilazimishwi kuingia ndani ya mwezi. Vita na Amani ya Leo Tolstoy ina sura 361, nyingi zake fupi, na wapo wasomaji wengi wanaoisoma sura moja kwa siku hadi mwaka unakwisha. Tuliwahi kufanya hivyo. Kila mwisho wa mwezi tulizungumzia zile thelathini tulizopita. Tulianza wanne, tukamaliza watatu, na mimi nilichelewa siku 12. Kwa hesabu za jedwali langu la zamani, huo ndio mwaka wangu mbovu kuliko yote: kitabu kimoja. Lakini niamshe usiku wa manane uniulize kuhusu watu wa kitabu kile, tutakesha.

Sababu ya kukumbuka hivyo si akili yangu kuongezeka. Mwaka 2006 watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo nalipenda sana. Wanafunzi walisoma maandishi. Wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakatakiwa kuandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha bila kutazama wakawa mbele kwa mbali. Sasa, kumsimulia mwenzako kitabu ni nini kama si huko kujikumbusha bila kutazama? Unababaika, unachanganya majina, mwenzako anakusahihisha, mnabishana. Kinachobaki kichwani ni yale mliyobishania.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, nakwambia kama kaka yako: tatizo si kasi yako. Mwezi ni wa kalenda, haukuandikwa na mwandishi wa kitabu. Kabla hujajitoa, nenda tarehe ya mazungumzo na kurasa zako ulizonazo, chagua jambo moja, liseme. Wakikusikiliza, hao ni wenzako. Wakikuuliza tu umefika ukurasa wa ngapi, jitoe bila kinyongo, utafute mtu mmoja, mmoja anatosha, msome pamoja. Mtafute mtu kwanza, kitabu mtakipata.

Na ninyi mnaoongoza vikundi, mnaopenda kutuma majedwali Jumapili jioni, nawajua kwa sababu nilikuwa ninyi. Tumeugeuza usomaji kuwa mbio za magunia. Tunapiga picha rundo la vitabu vya mwezi, tunaandika "12/12", tunapongezwa, na hakuna hata mmoja anayetuuliza kilichomo. Hatuulizwi kwa sababu hata wanaotupongeza wanaogopa kuulizwa. Acheni. Mkiwa viongozi semeni mwisho, baada ya yule mzito kusema. Ulizeni mmekwama wapi. Nimeshalisema hilo, nalirudia, na nikialikwa popote nitalisema tena. Na ujumbe wa dakika saba, sikilizeni dakika zote saba.

Naona nimeanza kuhubiri. Nirudi kwenye kitabu.

Mwezi huu zamu ya kuchagua ilikuwa yangu, nikachagua ile riwaya ya shati. Wenzangu hawajui kwa nini. Leo ni tarehe 24 na sijafika hata nusu, kwa sababu nilipofika pale mama anapofunga vifungo nilisimama siku nne. Safari hii niliona jambo ambalo hata yule dada hakulitaja: anapofika kifungo cha shingoni, anakiacha, anakifungua, kisha anakifunga tena taratibu, kama mtu anayeogopa kumbana.

Namba yake bado ninayo. Jana jioni nilimtumia ujumbe wa sauti, wa dakika nne hivi, kuhusu kile kifungo tu. Sikuweka "kama" mahali popote. Alama mbili zimetokea, umefika. Hajaufungua.