Mnaoanza kazi ya reitingi ya joto, anzeni na joto lenyewe

Wadogo zangu mnaoingia kwenye mambo haya ya reitingi inayofuata hali ya hewa, yaani kiwango cha mkondo ambacho laini au transfoma inaweza kubeba salama kwa hali ya hewa iliyopo, kabla hamjafungua programu yoyote elewani kwamba kinachoua kifaa ni joto. Ile namba ya ampea mnayoikuta kwenye jedwali mtu aliikokotoa kwa kudhania jua kali, hewa ya nyuzi 40 labda, na upepo mdogo wa kama mita 0.6 kwa sekunde, akauliza tupitishe mkondo gani waya usivuke nyuzi 75. Badilisha dhana hizo na namba inabadilika, ingawa waya ni uleule.

Kwa laini za juu upepo ndio unaotawala, kuliko hata jua. Na sio kasi tu, angalia unatokea upande gani, maana upepo unaofuata urefu wa waya unapoza kama 40% tu ya ule unaoukata waya msalaba kwa kasi ileile. Sasa mtu anafunga anemomita, kile kipima upepo, juu ya paa la kituo mahali peupe kabisa, halafu laini yake inashuka bondeni inapita nyuma ya miti, hiyo reitingi ni ya paa, sio ya laini! Tafuta spani, yaani kipande cha waya kati ya nguzo mbili, iliyojificha na upepo kuliko zote, ndiyo inayoamua laini nzima, na huko ndiko waya ukipata moto unalegea na kushuka karibu na watu.

Transfoma ina saa yake tofauti. Waya wa juu unapanda joto kwa dakika kumi na kitu, ila mafuta ya transfoma ya kawaida yanachukua masaa, ukiongeza mzigo ghafla jioni, baada ya saa moja mafuta hayajafika hata theluthi ya safari yake. Ndio maana transfoma inavumilia piki fupi ya mzigo kupita namba iliyoandikwa kwenye kibao chake. Lakini koili zenyewe zinapanda haraka, kwa dakika, kwa hiyo usidanganywe na geji ya mafuta. Kwa karatasi za kawaida zinazofungwa kwenye koili kuzuia umeme usivuje, sehemu yenye moto zaidi ikiwa nyuzi 98 inazeeka kwa kasi ya kawaida, na kila nyuzi 6 zikiongezeka kasi inazidi mara mbili, yaani saa moja kwenye 110 umekula masaa manne ya uhai wake. Hiyo hesabu ifanyeni kwa mkono mpaka iwaingie.

Kebo za chini niseme kifupi: ni udongo. Ukikauka haupitishi joto vizuri, na ukikaushwa na kebo yenyewe hali inazidi kuwa mbaya.

Kingine kinachosahaulika sana, laini ikipata nafasi ya ziada kagua jampa (vipande vya waya vya kuunganishia), klampu, CT (transfoma ndogo za kupimia mkondo) na swichi zote njiani, maana pengine kinachobana ni kimojawapo hapo, na seti ya rilei, kile kifaa cha ulinzi kinachoamuru umeme ukatwe, nayo bado iko kwenye namba ya zamani, itakata umeme laini ikiwa salama kabisa.

Halafu mhurumieni opereta, hawezi kufanya kazi na namba inayoruka kila dakika. Mpe kiwango cha saa nzima ijayo, chenye tahadhari, na sensa ikipoteza mawasiliano mfumo urudi wenyewe kwenye reitingi ya jedwali bila kusubiri mtu aamke.