Kwa mzazi anayeanza kazi ya kutoa mizigo Malaba

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda wa mpaka wetu na Kenya, na wengi wenu mna watoto wadogo nyumbani, jambo la kwanza mtakaloambiwa ni kwamba mpaka huu haulali. Ni kweli. Malori kutoka Mombasa yanafika saa zote, na dereva aliyekwama saa nane za usiku hana subira. Ila wapo wanaoliendeleza neno hilo mpaka wanasema wakala hodari ni yule asiyeonekana nyumbani kwake, na hapo ndipo nisipokubali. Nimeifanya kazi hii huku nalea. Usiku mwingi tunaowakosa watoto wetu unatokana na karatasi ambazo mchana hazikukamilika.

Tangu 2014 tuko chini ya Himaya Moja ya Forodha, yaani nchi za Afrika Mashariki zinashughulikia forodha kama eneo moja. Mzigo unaokwenda Uganda unatolewa tamko URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na ushuru unalipwa lori likiwa bado Mombasa. Likifika hapa, kinachobaki ni kuhakiki na kuliruhusu lipite, na lori ambalo karatasi zake ziko sawa linapita wewe umelala. Linalokuamsha ni lile ambalo uzito ulioandikwa kwenye ankara haulingani na ule wa orodha ya mzigo, au cheti cha ubora kinachotakiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, hakipo, au namba ya kontena imekosewa tarakimu moja. Hayo yote yanaweza kuonekana saa tisa alasiri.

Kwa hiyo jizoeshe hivi. Kila alasiri, kabla ofisi hazijaanza kupungukiwa watu, fungua karatasi za kila lori unalolitarajia usiku huo. Mpigie dereva. Usimuulize kama kila kitu kiko sawa, maana atakujibu kiko sawa. Mwambie: "Kaka, shuka, simama nyuma ya kontena, unisomee namba." Ni herufi nne na tarakimu saba. Asome polepole, wewe umeweka kidole kwenye karatasi. Kisha akusomee namba ya lori na ya lakiri, ile iliyofunga mlango wa kontena. Dereva mwingine atanung'unika kwamba unamchelewesha, mvumilie. Ukikuta kosa saa hizo, mteja wako Kampala bado yuko ofisini na anapokea simu. Ukilikuta usiku, utakesha kando ya lori, na asubuhi utamvalisha mtoto sare za shule huku unasinzia.

Mapumziko na zamu, zungumza mapema. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki, pamoja na siku nzima ya kupumzika katika wiki. Bosi wengi hawana ubaya, ila hawatakugawia muda usiouomba. Mwambie wiki ya kwanza: "Mzee, usiku naweza Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine nina mtoto, ila kuanzia saa kumi na mbili asubuhi niko hapa." Mtu akijua siku zako anapanga kazi kwa kuzifuata. Ukingoja mpaka mtoto aumwe ndipo uombe, utaonekana unakwepa, hata kama unasema kweli.

Dada zangu wenye mimba: sheria hiyohiyo inakupa likizo ya siku 60 za kazi yenye mshahara kamili, na angalau wiki nne kati yake ziwe baada ya kujifungua, au baada ya mimba kuharibika. Hilo la mwisho wengi hawalijui, wanarudi kazini na uchungu wao kimyakimya. Andika barua, baki na nakala. Na nyinyi kina baba mnayo likizo ya siku nne za kazi, inayoanza mara tu mama anapojifungua. Ni chache mno, kwa maoni yangu, kwa hiyo usiache hata moja ipotee.

Sasa dada wa kazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za mpakani zinapoyumba. Yule binti ni mfanyakazi kama wewe. Akilipwa tarehe anayoijua, akapata siku yake ya kwenda kanisani au msikitini na kulala vya kutosha, anakaa. Ukimcheleweshea mshahara kwa kuwa mteja hajakulipa, ataondoka wiki ile malori yamejaa. Muachie pesa ya dharura kwenye simu yake, ya bodaboda mpaka kliniki na ya dawa, wala usimtake akupigie kwanza kuomba ruhusa mtoto akichemka homa. Akishafika kwa daktari ndipo akupigie. Jirani mmoja awe na namba yako na ya shule.

Na hiyo simu, iangalie. Hapa mtandao wa Kenya unavuta laini zetu bila wewe kujua, na mwalimu akipiga hakupati. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mtandao wa Uganda mwenyewe, uache ile ya kujichagulia. Wape shule na namba yako ya Kenya pia kama unayo. Sioni jambo jingine dogo lenye faida kubwa kama hili.

Kuna saa moja ya siku ambayo mtoto wako lazima aijue kuwa ni yake. Yangu ni ya uji wa asubuhi, kwa sababu jioni siwezi kuiahidi. Simu iko chumbani, tunakula, nakagua daftari. Wengine wanaweza jioni. Chagua ile ambayo kazi haiwezi kukunyang'anya kirahisi, hata ikiwa fupi. Mtoto wa miaka mitano hahesabu saa ulizokaa naye, anajua tu kama ulikuja pale uliposema utakuja.

Mwisho ni likizo. Unazo siku 21 kwa mwaka, saba kwa kila miezi minne. Wageni wengi wanaziweka zote kwa ajili ya Krismasi, na Desemba ndiyo wakati mizigo inapofurika, bosi anakataa, mwaka unakwisha. Shule zetu hufunga pia mwishoni mwa Agosti. Omba siku kumi hivi za wakati huo, uombe tangu Juni, kwa maandishi. Kama una mtoto mwingine anayesoma upande wa Kenya, linganisha kalenda zote mbili kwanza, kwa sababu wenzetu wanafungua mwaka Januari mapema na likizo zao haziangukii wakati mmoja na zetu kila mara. Siku zinazobaki zitumie wakati muhula unapofunguliwa, ukampeleke mtoto mwenyewe na uonane na mwalimu wake ana kwa ana.